Kashfa, bei za vitu na watu wa Ikulu: maswali yanayorudi kila siku hapa Busia

Nauza sabuni, mafuta ya kupikia na sukari hapa Busia upande wa Uganda. Jioni tukishapunguza wateja wanakaa hapo mbele madereva wa malori, vijana wa boda, mama wa sokoni, na kila redio ikitaja kashfa mpya au bei mpya maswali ni yale yale, mpaka nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja. Naandika Kiswahili manake hapa mpakani Msamia, Mganda, Mteso na dereva wa Mombasa wote ndo wanakutana kwenye lugha hiyo. Ukiona jibu linakurudisha swali lingine, rudi tu, sitaki kusema kitu kimoja mara tatu.

## Mambo ya msingi

1. Rais wa Uganda anashauriwa na nani hasa?

Kuna makundi matatu na watu wanayachanganya. La kwanza ni baraza la mawaziri, hilo lipo kwenye katiba na rais mwenyewe ndo anakalia kiti. Katiba ya 1995 ilisema mawaziri kamili wasizidi 21 na wale mawaziri wadogo wasizidi 21, labda Bunge likubali waongezwe, na Bunge limekuwa likikubali, ndo maana baraza lililoundwa 2021 lilikuwa na mawaziri themanini na kitu.

La pili ni wale wanaoitwa kabisa washauri wa rais. Hao wamepita 100. Wengi ni mawaziri wa zamani, wanajeshi wastaafu, wanasiasa walioshindwa kura, na wengine walitoka upinzani wakapokelewa. Kuwa na cheo hicho haimaanishi unamwona rais, wako ambao wamelalamika hadharani kwamba hawaitwi kabisa.

La tatu ni dogo lakini ndo linaloguza mfuko wako: Katibu Mkuu wa Hazina, Gavana wa Benki Kuu, mkuu wa URA, yaani wakusanya kodi. Bei zikipanda hawa ndo wanaitwa usiku.

2. Waziri na mshauri wana tofauti gani kashfa ikitokea?

Waziri anajibu mbele ya Bunge na anaweza kupigiwa kura ya kukosa imani (ona swali la 16). Mshauri hajibu kwa mtu yeyote isipokuwa aliyemteua. Kwa hiyo ukisikia jambo limefanywa na mshauri, jua hakuna kiti cha kumkalisha na kumuuliza mbele ya wabunge kama anavyoulizwa waziri. Mimi hilo linaniuma kuliko idadi yao.

3. Kashfa ya wizi na bei ya sabuni vinahusiana wapi?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nalijibu kwa urefu kwa sababu hapa ndo watu wanapodanganywa pande zote mbili.

Siwezi kukuambia mabati ya Karamoja yaliyoibwa (swali la 4) ndo yalipandisha sabuni. Mwaka 2022 mafuta ya mawese yalipanda dunia nzima, vita vya Ukraine vilianza Februari, usafiri wa meli ulikuwa bado haujapona toka korona, na sabuni ya mche inatengenezwa kwa mawese hayo hayo, hivo ikapanda hata mahali ambapo hakuna waziri aliyeiba. Niliuza mche mmoja kwa bei ya miche miwili ya mwaka uliotangulia na wateja walinitukana mimi.

Lakini uhusiano upo na njia yake ni hii. Serikali inakusanya kodi, kodi haitoshi, pengo linazibwa na mkopo au msaada wa wafadhili. Pesa ikiibwa kwenye ofisi kubwa, mfadhili anafunga mfuko, dola zinapungua nchini, shilingi inalegea, na yule anayeleta mafuta kwa dola anaongeza bei. Au serikali inakopa hapa hapa ndani kwenye mabenki, benki inaona bora kuikopesha serikali kuliko kunikopesha mimi, riba inapanda, na mimi naongeza mia mbili kwenye kila chupa. Hakuna anayekuja dukani kuniambia "hii mia mbili ni ya ile kashfa" lakini imo ndani yake.

Na kuna jambo la pili. Rais akiwaambia watu wafunge mkanda, wanakubali kama wanaona na wakubwa wamefunga. Miezi ile ile watu wanaambiwa wavumilie ndo vitu vya maskini vilikuwa vinabebwa kwenye magari ya serikali. Hapo uvumilivu unaisha, na mimi siwalaumu.

## Mabati ya Karamoja

4. Ilikuwaje ile ya mabati, kwa kifupi?

Kifupi haiwezekani lakini najaribu. Karamoja, kaskazini mashariki, ilipitia wizi wa ng'ombe wenye silaha na msako wa jeshi wa kuwanyang'anya watu bunduki, alafu mwaka 2022 njaa iliua watu huko, wazee na watoto. Serikali ikaweka mpango chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu wa kununua mabati na mbuzi kwa ajili ya familia zisizojiweza na wale vijana wanaoitwa karachuna walioacha bunduki. Wazo lenyewe zuri kabisa: mtu akiwa na nyumba na mbuzi ana kitu cha kupoteza, hatarudi msituni.

Mwanzoni mwa 2023 ikajulikana maelfu ya mabati hayo hayakufika, yaligawanywa kwa mawaziri, wabunge na wakubwa wengine. Mabati yana alama ya Ofisi ya Waziri Mkuu, hivo hayafichiki, na picha zikatoka zikionyesha yameezeka mabanda ya mifugo mbali kabisa na Karamoja. Fikiria mama wa Napak au Kaabong analala chini ya nyasi zinazovuja na bati lake linamkinga mbuzi wa waziri. Kila nikifikia hapo nakasirika upya.

5. Rais alifanya nini na alishauriwa nini?

Alichoshauriwa ndani ya vyumba siwezi kukuambia, nakuambia kilichotoka nje. Mapema Aprili 2023 Rais Museveni alimwandikia Waziri Mkuu Robinah Nabbanja barua: waliochukua warudishe mabati au walipe thamani yake, na upande wa jinai polisi waendelee nao.

Tazama jinsi barua hiyo ilivyopangwa. Inafungua milango miwili, mmoja wa kurudisha na mmoja wa polisi, bila kusema nani anapita upi. Serikali iliyobanwa inapata nafasi ya kupumua: inaonekana kali, na wengi wanabaki salama. Waziri wa Fedha Matia Kasaija aliomba radhi na kusema atarudisha. Wengine nao wakaanza kupeleka mabati bohari ya serikali, kuna waliokuwa wameshayagawa jimboni wakanunua mapya dukani ndo wapate ya kurudisha.

6. Waliofika kotini ni nani na iliishaje?

Mawaziri watatu. Mary Goretti Kitutu, aliyekuwa waziri wa Karamoja, alikamatwa na kufikishwa mahakama ya kupambana na rushwa Aprili 2023, akapelekwa rimandi gereza la Luzira. Siku chache baadaye Amos Lugoloobi, waziri mdogo wa fedha, akafuata, alafu Agnes Nandutu, waziri mdogo wa Karamoja. Wote walikana mashtaka.

Nandutu ndo hukumu yake ilifika: Aprili 2025 mahakama ilimkuta na hatia ya kushughulika na mali ya kutiliwa shaka, mabati 2,000, akafungwa miaka 4. Huyu kabla ya siasa alikuwa mwandishi wa habari wa televisheni, alikuwa anawabana wakubwa kwa maswali, na watu wengi walimpenda kwa hilo. Sifurahii mtu kufungwa lakini nakumbuka hilo kila mara.

Jambo ambalo watu hawalitazami: Kitutu na Nandutu walishtakiwa Aprili 2023 na waliondolewa kwenye baraza Machi 2024, rais alipofanya mabadiliko. Karibu mwaka mzima mshtakiwa anabaki waziri kwenye karatasi. Lugoloobi hakuondolewa kwenye mabadiliko hayo.

7. Kwa nini wengine walirudisha tu na hawakushtakiwa?

Nilijaribu kumwelewa wakili mmoja aliyepita hapa, akasema mwendesha mashtaka anatazama kama anaweza kuthibitisha mtu alijua mali si yake. Sawa, sheria ndo sheria. Ila kijana akiiba kuku hapa sokoni akamrudisha, bado anapigwa na anapelekwa polisi. Kama kurudisha kunafuta kosa basi kufute kwa wote, na kama hakufuti, kusifute kwa yeyote. Kwenye barua ile (swali la 5) rais alikuwa na nafasi ya kulisema hilo wazi, na mimi naona alikosea kutolisema.

8. Ofisi ya Waziri Mkuu si ndo ile ile ya zamani?

Ndiyo, na hapa ndo uchungu. Mwaka 2012 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ilionyesha pesa za wafadhili za kujenga upya kaskazini baada ya vita vya Kony zilipotea ndani ya ofisi hiyo hiyo. Pesa za Ireland, Norway, Denmark na Sweden. Ireland peke yake ilikuwa euro milioni 4, na Uganda ikailipa, yaani walipa kodi, mimi na wewe, tulilipa mara ya pili pesa ambayo mtu alishaila. Mhasibu Geoffrey Kazinda akafungwa miaka 5 mwaka 2013. Uingereza nayo ilisimamisha msaada.

Kaskazini mwaka 2012, Karamoja mwaka 2023, ofisi moja. Maskini wa mbali, pesa nyingi, na macho machache kati ya bohari ya Kampala na kijiji. Mshauri yeyote aliyekuwa macho baada ya 2012 alipaswa kumwambia rais: mzee, mali ya watu wa mbali isipitie tena bohari moja yenye ufunguo mmoja.

## Bei zilipopanda

9. Ni kweli rais alisema tule mihogo?

Kweli. Sikukuu ya Wafanyakazi, Mei 1, 2022, pale Kololo, alisema kama mkate hakuna watu wale muwogo, yeye mwenyewe hali mkate. Ngano ilikuwa imepanda kwa sababu ya vita vya Ukraine.

Waliomtetea walisema alikuwa anahimiza chakula chetu, na hoja hiyo ina uzito, sisi Busia tumekula mihogo toka kuzaliwa. Shida ni kwamba mihogo inapikwa kwa kuni au makaa, inasafirishwa kwa dizeli, vyombo vyake vinaoshwa kwa sabuni, na vitu hivyo vitatu ndo vilikuwa vimepanda. Mama hapa aliniambia, "Mihogo ninayo, mwanangu, kimenishinda kuifikisha sokoni."

10. Kwa nini hakupunguza kodi ya mafuta kama nchi nyingine?

Petroli ilipita shilingi 6,000 kwa lita katikati ya 2022. Ndani ya kila lita kulikuwa na ushuru wa shilingi 1,450, kwa hiyo watu waliuliza, na ni swali la haki, kwa nini isipunguzwe hata nusu.

Julai 2022 rais alihutubia taifa akakataa ruzuku na akakataa kupunguza kodi. Sababu zake: pesa ya ruzuku inaishia kwa anayeleta mafuta kutoka nje, hazina itapungukiwa, na tatizo limetoka nje ya nchi hivo tutumie mafuta kwa uangalifu. Katibu Mkuu wa Hazina, Ramathan Ggoobi, mchumi aliyetoka kufundisha chuo, naye alikuwa na msimamo huo huo. Kenya kwa majirani zetu hapa ng'ambo ya mpaka walikuwa na ruzuku, mafuta yao yakawa rahisi kuliko yetu, kila kijana mwenye jerikeni akajua njia za panya, alafu ruzuku ikawalemea Wakenya wakaanza kuitoa Septemba mwaka huo.

Kwa hiyo kiuchumi nadhani ushauri ule haukuwa mbaya, na nasema hivo ingawa uliniumiza. Ila ushauri wa kubana unahitaji mtoaji naye abane. Ungetolewa pamoja na kupunguza magari, safari na idadi ya vyeo (swali la 1), watu wangemeza. Haukutolewa hivo, na Jinja vijana wakachoma matairi barabarani.

11. Na ile Januari 2022 petroli ilipofika 10,000?

Ile ilikuwa ya kwetu kabisa, hapa na Malaba. Madereva waligoma kwa sababu ya vipimo vya korona vya lazima na vya kulipia, foleni ya malori ikaenda kilomita nyingi upande wa Kenya, na mafuta ya Uganda karibu yote yanapita Kenya. Wiki chache tu bei ikaruka, sehemu zingine lita ikafika 10,000. Vipimo vilipoondolewa foleni ikayeyuka. Hiyo haikuwa vita ya mbali wala kashfa, ni uamuzi wa ofisini uliofanywa bila kumuuliza dereva hata mmoja.

12. Gavana wa Benki Kuu anasaidia nini? Si anachapisha tu pesa?

Kazi yake kubwa ni kuvuta au kulegeza riba. Mfumuko wa bei ulipofika asilimia 10.7 Oktoba 2022, Benki Kuu ilikuwa imeshapandisha riba yake kutoka 6.5 mpaka 10 ndani ya miezi michache. Mkopo unakuwa ghali, watu wanakopa kidogo, bei zinapoa. Dawa chungu na mfanyabiashara mdogo ndo anaimeza wa kwanza.

Lakini sikiliza: Gavana Emmanuel Tumusiime-Mutebile alifariki Januari 2022, na Gavana kamili hakuteuliwa mpaka 2025, alipopewa Michael Atingi-Ego ambaye muda wote huo alikuwa naibu anayeshikilia. Zaidi ya miaka 3, katikati ya bei mbaya, kiti cha mtu anayepaswa kumwambia rais "hapana" kilikuwa wazi. Atingi-Ego alifanya kazi nzuri, bei zilishuka kweli. Ila anayeshikilia kiti hana kifua cha mwenye kiti, hata kijijini tunajua hilo.

Alafu ndani ya kipindi hicho hicho, 2024, ikajulikana shilingi kama bilioni 60 zimelipwa kutoka akaunti za serikali hapo Benki Kuu kwenda kwa watu wasiohusika, na maofisa wa Wizara ya Fedha wakafikishwa kotini mwaka 2025.

13. 2011 ilikuwa mbaya kuliko 2022?

Kwa namba, ndiyo. Mfumuko wa bei ulifika kama asilimia 30 Oktoba 2011 na riba ya Benki Kuu ikafika 23 mwezi uliofuata. Kulikuwa na ukame, mafuta yamepanda, na pesa nyingi ilitumika kipindi cha uchaguzi, pamoja na ndege za kivita kutoka Urusi zilizogharimu dola zaidi ya milioni 700.

Ndo wakati Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani, alipoanza kutembea kwa miguu kwenda kazini, Aprili 2011, na watu wakamfuata. Serikali ilijibu kwa askari. Aprili 28 kioo cha gari lake kilivunjwa na akapulizwa dawa ya pilipili machoni mbele ya kamera, akapelekwa Nairobi kutibiwa. Alirudi Mei 12, siku ile ile ya kuapishwa rais, na barabara ya Entebbe ilijaa watu wake. Kama kuna mshauri aliyesema pilipili itamaliza mambo, alimshauri mzee vibaya, manake kesho yake hata waliokuwa hawaungi mkono upinzani walikuwa wanasikitika.

## Ya zamani kidogo

14. Haya yalianza na serikali hii?

Hapana, na vijana wengi hawajui. Februari 4, 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama Bungeni akataka Kanali Idi Amin asimamishwe kazi, akaunti yake ya benki ichunguzwe, kwa sababu ya dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo, na akawataja mpaka mawaziri na Waziri Mkuu Obote mwenyewe. Obote alikuwa safarini kaskazini. Bunge likapitisha hoja, karibu wote.

Obote alirudi, na Februari 22 askari wakaingia kwenye kikao cha baraza la mawaziri wakawakamata mawaziri watano. Siku mbili baadaye katiba ikasimamishwa. Amin, yule aliyekuwa achunguzwe, akapewa jeshi. Yaliyofuata miaka 5 baadaye, Januari 1971, kila mtu anayajua. Ukitaka kujua gharama ya kumlinda mtu wako kwenye kashfa, anzia hapo.

15. Kuna wakati ushauri mzuri ulisikilizwa?

Upo, na haki isemwe. Wazee wanakumbuka wakati wa Amin: baada ya Waasia kufukuzwa 1972 maduka yakapewa watu, ndo neno "mafuta mingi" la kuwaita hao waliotajirika ghafla likazaliwa, na sukari na sabuni zikawa za magendo. Aliyekuwa Gavana wa kwanza Mganda wa Benki Kuu, Joseph Mubiru, aliuawa mwaka huo huo. Nchi ambayo Gavana anauawa, nani atasema ukweli tena?

Museveni alipoingia 1986 bei zilikuwa zinapanda zaidi ya asilimia 100 kwa mwaka na mwanzoni serikali ilitaka kupanga bei na kubadilishana bidhaa kwa bidhaa. Haikufanya kazi. Mei 1987 pesa ikabadilishwa, sifuri mbili zikakatwa na asilimia 30 ya pesa ya mtu ikabaki serikalini, mama yangu hajasahau siku hiyo. Kidogo kidogo wachumi wakashinda ubishi, maduka ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa 1990. Mwaka 1992 serikali ilipotumia kupita kiasi na bei zikaruka, rais akaunganisha Wizara ya Fedha na ile ya Mipango na kumweka Mutebile kuwa Katibu Mkuu. Mfumuko ukashuka na ukakaa chini miaka mingi. Mtu mbishi alipewa ufunguo wa hazina na mwenye nchi akakubali kubishiwa.

## Maswali magumu

16. Bunge linaweza kumwondoa waziri mwizi?

Linaweza kumpigia kura ya kutokuwa na imani. Inaanza na sahihi za theluthi moja ya wabunge na inapita kwa zaidi ya nusu ya wabunge wote. Jim Muhwezi alipigiwa 1998, Sam Kutesa 1999. Wote wawili walirudi baadaye wakawa mawaziri. Januari 2023 Persis Namuganza, waziri mdogo, naye alipigiwa kura hiyo. Kwa hiyo Bunge lina meno, ila anayeteua ni mmoja.

17. Na rais mwenyewe, anaweza kushtakiwa au kuondolewa?

Akiwa madarakani hashtakiwi. Kuondolewa kupo, kifungu cha 107: theluthi ya wabunge wasaini, Jaji Mkuu aunde jopo la majaji 3 wa Mahakama ya Juu wachunguze, wakiona kuna kosa Bunge lipige kura na theluthi mbili ya wabunge wote wakubali. Chini ya katiba hii haijawahi kufika huko.

18. Nixon wa Marekani alijiuzulu kwa kashfa, mbona huku haitokei?

Hili swali ananiuliza kila mara mwalimu mmoja mstaafu, na nalipenda kwa sababu kuna Uganda ndani yake. Julai 1973 Idi Amin alimpelekea Nixon simu ya maandishi (telegramu) akimtakia apone haraka kutokana na mambo ya Watergate. Mtu wa Kampala aliyekuwa anaua mawaziri anampa pole mtu wa Washington aliyekuwa anachunguzwa na Bunge.

Nixon naye alikuwa na shida mbili kwa pamoja. Watu wake walikamatwa wakivunja ofisi za chama pinzani kwenye jengo la Watergate Juni 1972. Oktoba 1973 Waarabu wakazuia mafuta na bei zikapanda sana, mfumuko ukapita asilimia 10. Kwanza alitoa kafara washauri, Haldeman na Ehrlichman walijiuzulu Aprili 30, 1973. Haikutosha. Julai 1974 Mahakama Kuu kabisa ilimwamuru kwa kura 8 bila upinzani atoe kanda alizorekodi ofisini mwake. Alafu Agosti 7 wazee wa chama chake mwenyewe, akina Barry Goldwater, walikwenda wakamwambia kura za kukuokoa hazipo. Siku mbili baadaye, Agosti 9, akaondoka.

Angalia nani alimwondoa. Majaji, ambao baadhi aliwateua yeye, na wazee wa chama chake. Sisi vyama vyetu havina mzee wa kwenda Ikulu kusema hivo. Kikomo cha mihula kilitolewa 2005, cha umri kikatolewa Desemba 2017, na waliopiga kura hizo ni wa chama hicho hicho ambacho kingepaswa kumtuma mzee.

19. Zile bilioni 6 za 2017 zilikuwa wizi?

Maofisa 42 wa serikali walipewa jumla ya shilingi bilioni 6 kama zawadi kwa kushinda kesi ya kodi ya mafuta ghafi. Rais alikubali kwamba aliidhinisha na akatetea. Kamati ya Bunge ilichunguza na Bunge likataka zirudishwe. Wizi kwa maana ya kuvunja kufuli, hapana, mwenye mamlaka aliruhusu. Lakini hao walikuwa wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo. Mwalimu akifaulisha darasa zima hapewi hata mche wa sabuni.

20. Mimi mtu wa kawaida nikiona mali ya serikali inauzwa nifanye nini? Na nikinunua bila kujua?

Peleka kwa IGG, yule mkaguzi wa serikali anayeshughulikia rushwa, ana ofisi mikoani si Kampala tu, au kituo cha polisi. Kuna pia kitengo cha Ikulu cha kupambana na rushwa, kilianzishwa Desemba 2018. Sheria ya 2010 ya kuwalinda watoa taarifa inasema ukitoa taarifa na pesa ikarudishwa unastahili asilimia 5 yake. Piga picha ya alama, andika tarehe na mahali, usigombane na mwenye gari.

Kununua bila kujua ni tofauti na kununua ukiwa na sababu ya kushuku, na kosa lililomfunga Nandutu (swali la 6) ni hilo la kushughulika na mali ya kutiliwa shaka. Alama kubwa ya ofisi kwenye bati ni sababu tosha ya kushuku, bei ya chini kupita kawaida nayo vilevile. Mwaka jana kijana aliniletea mabati 12 kwa nusu ya bei, rangi imepakwa upya upande mmoja. Nikakwangua kwa ufunguo wa duka, herufi zikaanza kuonekana, nikamwambia ayachukue, naye akayapakia kwenye boda akaelekea upande wa stendi.